Choo na tangi la karavani yetu: shajara ya matengenezo, Oktoba 2023 hadi Aprili 2024

Naandika shajara hii kwa ajili ya manesi wenzangu wa mikataba, na madereva wa malori, tunaozungumza lugha moja huku Marekani na tumechoka kulipa kodi ya nyumba mbili. Wengi mmeniuliza kuhusu kuishi kwenye karavani. Mambo ya friji, jiko na kitanda mtayapata kwa wengine. Mimi nimejikita kwenye choo, maana ndicho kilichotutesa kuliko vyote, na kila niliyemuuliza aliona haya kunieleza.

Karavani yetu ni ya kuvutwa na pikapu, futi 26, ya mwaka 2009. Tuliinunua kwa mtu kwa dola 9,800. Chini ya sakafu ina matangi matatu: la maji safi galoni 40, la maji ya sinki na bafu galoni 38, na la choo galoni 30, kama lita 113. Wenyeji huyaita hayo mawili ya uchafu kwa rangi, la kijivu na jeusi. Mimi nayaita tangi la sabuni na tangi la choo, hata mtu akisoma harakaharaka asikosee.

Choo chenyewe hakina kisima cha maji nyuma, wala bomba lililopinda chini la kushika maji kama la nyumbani. Bakuli limekaa moja kwa moja juu ya tangi. Ukikanyaga pedali kidogo, maji yanaingia. Ukiikanyaga hadi mwisho, kisahani kilicho chini ya bakuli kinajivuta pembeni na kila kitu kinadondoka. Kinachozuia harufu isipande ni yale maji machache yanayolala juu ya kisahani. Shikeni hilo, maana nusu ya shida zetu zilianzia hapo.

7 Oktoba 2023. Ukaguzi na manunuzi ya kwanza

Tumefika kambini Amarillo, Texas. Mkataba wangu wa wiki 13 unaanza Jumatatu. Kambi ina maji, umeme na shimo la majitaka pembeni ya kila karavani, kwa hiyo hatuhitaji kwenda kumwaga kwenye kituo cha majitaka.

Tulivyonunua: glavu nene za mpira, dola 12. Mpira wa majitaka wa inchi 3, futi 15, dola 19. Elbo, yaani kiungo kilichopinda, ya plastiki inayoonyesha ndani, dola 11. Mpira wa maji wa kuoshea tangi, rangi ya kijani, dola 16. Huu wa mwisho usiguse kamwe koki ya maji ya kunywa. Wetu wa maji ya kunywa ni mweupe na unakaa kwenye sanduku lake.

Mpira wa dola 19 ulipasuka baada ya siku nne, kitundu kama cha sindano karibu na mdomo. Nimeutupa na kununua mwingine mzito wa dola 44. Hapo nilipoteza dola 19 kwa kutaka kuokoa 25.

Aliyetuuzia alisema kila kitu kinafanya kazi. Taa za kipimo cha tangi la choo zinaonyesha theluthi mbili, na tangi ni tupu. Nimeandika, nitalirudia baadaye.

Tumefungua valvu zote mbili, ya tangi la choo na ya tangi la sabuni, na kuziacha wazi, majitaka yaende yenyewe shimoni kama nyumbani. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika shajara hii, na siku hiyo tuliona tumefanya jambo la maana.

22 Oktoba 2023. Bakuli halishiki maji

Nikirudi zamu ya usiku, bafu linanuka mayai viza. Nikijaza bakuli maji nusu, baada ya robo saa limekauka. Maji yanapita pembeni ya kisahani na harufu inapanda kwa njia hiyohiyo.

Kwa tochi nikaona mzingo wa chokaa kuzunguka kisahani, mweupe, mgumu kama ukoko wa wali. Maji ya hapa yanaacha chokaa kila mahali, hata kwenye birika. Nilimwaga vikombe viwili vya siki nyeupe, nikaacha usiku kucha nikiongeza kila ilipovuja, kisha asubuhi nikasugua kwa mswaki wa zamani huku mume wangu amekanyaga pedali. Chokaa kilitoka. Bakuli likashika maji kwa saa mbili badala ya robo saa.

Hapo ningetulia na kununua sili mpya, ile raba inayozunguka kisahani kuzuia maji yasivuje. Badala yake nilipaka vaselini kwenye ile ya zamani, nikidhani raba kavu inahitaji mafuta. Baada ya siku tatu ilikuwa imevimba na kulainika, ukingo umejikunja kama sikio la chapati, na pedali hairudi yenyewe. Mafuta ya petroli, na vaselini ni mojawapo, yanaharibu raba za namna hii. Pakeni grisi ya silikoni, ile ya mafundi bomba.

Sili mpya dola 24, grisi dola 7. Choo kinafunguliwa hivi: funga maji, kanyaga pedali mara moja kutoa presha, fungua nati ya maji nyuma, fungua nati mbili za sakafuni, nyanyua. Ziba tundu la sakafu kwa kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu ya harufu na pia ili nati isidondoke ndani. Kabla ya kukirudisha tulibadilisha na sili ya chini, ile inayokaa kati ya choo na flanji (pete ya sakafuni ambayo choo hukalia), dola 11. Msiipake ya zamani grisi mkairudisha. Ikishalaliwa haifai tena. Nati za sakafuni tulizikaza zamu kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, kwa mkono na kisha robo mzunguko wa spana. Ukikaza upande mmoja kwa nguvu, kitako cha choo kinapasuka.

Bakuli sasa linashika maji kuanzia jioni hadi asubuhi. Harufu imepungua. Haijaisha.

12 Novemba 2023. Mlima ndani ya tangi

Alhamisi ya wiki iliyopita choo kilikataa. Nilikanyaga pedali na vitu havikudondoka, vilikaa pale pale. Nikamulika tochi. Moja kwa moja chini ya tundu palikuwa na mlima, ncha yake inakaribia kisahani, umekauka juu na karatasi zimejibandika ubavuni tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu.

Sababu ni ile valvu iliyokuwa wazi tangu siku ya kwanza. Maji yalitiririka yakaenda zake, vigumu vikabaki pale vilipodondokea. Wiki nne hivyo. Na pia, hili lazima niliseme, maji tuliyokuwa tukitumia ni machache mno. Mume wangu amekulia Singida, ambako ndoo ya maji ilikuwa mwendo wa saa nzima. Mimi ni wa Tanga, na hata kwetu bomba likikata siku tatu unajifunza kuoga kwa kopo mbili. Tulikuwa tukikanyaga pedali nukta moja, pengine nusu lita, na kuona fahari kwamba hatupotezi. Hakuna aliyetuambia kwamba tangi la karavani linaishi kwa maji.

Tulijaribu haya, na hayakusaidia:

Barafu. Tulisikia kwamba ukimwaga barafu na kuendesha, inasugua tangi. Mifuko miwili, dola 7, tukaifunga karavani kwenye pikapu na kuzunguka dakika 40. Barafu inaelea, haisugui kitu kilicho chini yake. Tulipofungua, vilitoka vipande vya barafu na maji ya kijivu. Mlima haukuguswa.

Dawa ya vimeng'enya, dola 19. Hiyo ni vijidudu na vimeng'enya vya kula uchafu, navyo vinataka maji na joto. Tangi lilikuwa kavu na usiku wa Novemba hapa ni baridi. Siku nne, hakuna badiliko. Dawa siilaumu, niliipa kazi mahali isipoweza kufanya kazi. Kwa wanaonunua: epukeni zenye formaldehaidi. Inaua vijidudu vyenyewe vinavyotakiwa kufanya kazi kwenye mashimo ya majitaka ya kambi.

Klorini sikuigusa. Kazini tunajua: klorini ikikutana na amonia inayotoka kwenye mkojo inatoa gesi inayounguza mapafu, na bafu la karavani ni dogo kuliko kabati.

Kilichofaa ni maji na subira. Tulifunga valvu. Tukamwaga kwa ndoo za galoni 5 kupitia bakuli, taratibu, hadi maji yakaonekana kwa tochi karibu na shingo. Ndoo nne na nusu ziliingia, yaani mlima ulikuwa umeshika karibu robo ya tangi. Tukaongeza kikombe cha sabuni ya vyombo, tukaacha siku tatu tukitumia choo cha kambi. Siku ya tatu nikafungua valvu: maji yalitoka nusu dakika, yakasita, kisha yakatoka kwa mkupuo mzito hadi mpira ukaruka kwenye stendi yake. Tukajaza tena, tukasubiri siku moja, tukafungua. Mara ya tatu tukaingiza fimbo ya kunyunyizia (dola 23) kupitia bakuli tukiizungusha kila upande. Mara ya nne maji kwenye elbo yalipita safi, unaona hata ukuta wa nyuma wa bomba.

Jumla galoni 80 hivi, lita 300. Mume wangu alisimama pale ameshika ndoo tupu akitazama elbo, akasema, "Mama, haya maji yangetutosha nyumbani wiki nzima." Nikamwambia ni kweli, na ndiyo maana tusiruhusu itokee tena.

Utaratibu mpya kuanzia leo: valvu ya choo inakaa imefungwa siku zote. Baada ya kumwaga tunaingiza ndoo mbili za maji kabla mtu hajatumia choo. Haja kubwa, lita 2 hadi 3 za kusukumia. Tunamwaga tangi likifika karibu theluthi mbili, kamwe si likiwa na kidogo, kwa sababu wingi wa maji ndio unaovuta vigumu. Tangi la choo linafunguliwa kwanza, la sabuni la pili, ili maji ya sabuni yaoshe mpira.

Kuhusu karatasi. Nilichukua chupa nne za jemu, nikatia maji, na kipande kimoja cha kila aina ya tishu niliyopata dukani, nikatikisa mara kumi. Ile nene ya tabaka tatu asubuhi ilikuwa nzima, unaweza kuitandaza. Ile nyembamba ya bei rahisi ilikuwa uji. Tishu maalumu ya karavani nayo ilikuwa uji, kwa bei mara mbili. Tunanunua nyembamba.

Na kopo limerudi chooni kwetu. Nilikuwa nimeliacha nikiogopa kujaza tangi. Kutawaza kwa maji kunapunguza karatasi na kunaongeza maji, vitu viwili hasa ambavyo tangi linataka. Mama yangu nilipomweleza kwa simu alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Kwani mlikuwa mnatumia nini?"

3 Desemba 2023. Maji juu ya paa

Kosa hili ni langu peke yangu.

Karavani yetu ina tundu la kuoshea tangi ubavuni: unafunga mpira wa kijani, maji yanarushwa ndani ya tangi. Jumapili asubuhi nilifunga valvu ya choo ili nilijaze kidogo, nikafungua bomba, simu ikaita kutoka wodini. Nilizungumza nikiwa nimekaa kitandani. Nikasikia kama mvua dirishani, na nje kulikuwa na jua.

Maji yalikuwa yamejaza tangi, yakapanda bomba la hewa, yakatokea juu ya paa na kushuka kwenye dirisha la jikoni. Nilikimbia kufunga bomba. Sikukanyaga pedali, na nashukuru, kwa sababu maji yote yaliyosimama kwenye lile bomba yangetokea ndani. Nilifungua valvu kwanza, nikasubiri tangi lishuke.

Kusuuza paa na ukuta, maji mengi kwanza, kisha maji yenye klorini kidogo kwa nje tu, saa mbili. Lakiri ya kuzunguka bomba la hewa ilikuwa imebanduka, nikaipaka upya, dola 14. Tangi halikupasuka. Lingeweza kupasuka.

Nikapima kasi. Mpira wetu unajaza ndoo ya galoni 5 kwa dakika 1 na sekunde 40, sawa na galoni 3 kwa dakika. Tangi tupu la galoni 30 linajaa kwa dakika 10. Likiwa limetumika siku nne, kwa chini ya dakika 5. Pimeni wenu kwa ndoo, kila kambi ina presha yake. Sasa kuna saa ya jikoni ya kengele imefungwa kwa kamba kwenye koki. Valvu ikiwa imefungwa, dakika 3 na mtu hatoki pale. Valvu ikiwa wazi, dakika 15 hadi elbo iwe safi.

14 hadi 17 Januari 2024. Valvu imeganda, mshikio umekatika

Mkataba umeongezwa wiki 13 nyingine, na baridi kali imeshuka. Tulikuwa tumejiandaa nusu: tulimwaga chooni galoni moja ya dawa ya waridi ya kuzuia kuganda, dola 5, ile ya propilini glikoli. Ile ya rejeta ya gari msiitumie, nyingi ni za ethilini glikoli na ni sumu. Lakini bomba kati ya tangi na valvu liko wazi kabisa kwa upepo, na hilo hatukulifikiria.

Jumapili jioni tangi limejaa. Nilivuta mshikio, haukusogea. Nikavuta kwa mikono miwili na mguu umekanyaga gurudumu. Ulikatika. Nikabaki na mshikio mkononi na inchi moja ya fimbo ikichungulia kwenye valvu.

Jirani wa karavani ya tatu ni Mkongomani wa Bukavu, anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama. Alitusikia, akaja na koti lake la kazini. Kitu cha kwanza alichosema: "Mama, funga mayi kwanza. Na usilete moto hapa." Mume wangu alikuwa ameshika kitochi cha gesi cha kuunguzia. Jirani alikuwa sahihi kwa sababu tatu: bomba ni la plastiki, ndani ya tangi kuna gesi inayoshika moto, na mtungi wa gesi ya jiko uko hatua nne kutoka hapo.

Tulitumia draya yangu ya nywele na hita ndogo ya umeme, tukazungushia blanketi kuukuu kuzuia upepo, mtu akiwa amekaa pale muda wote. Saa tatu. Jirani akabana ile inchi ya fimbo kwa playa ya kufunga, akavuta kwa kuitikisa kulia na kushoto, ikafunguka. Tukamwaga tangi lote na kulisuuza mara mbili usiku huohuo, maana huwezi kubadilisha valvu tangi likiwa na kitu.

Jumatano mchana, jua limetoka kidogo, tukabadilisha. Geti valvu mpya ya inchi 3, inakuja na sili mbili, dola 29. Bolti nne tu. Kuitoa ilikuwa dakika kumi. Kuirudisha ilichukua mchana wote, kwa hiyo naeleza.

Sili mbili zinakaa kila upande wa valvu, kila moja ina mfereji unaokumbatia mdomo wa bomba, na midomo ya mabomba imeachana kiasi cha unene wa valvu tu. Mara ya kwanza tulisukuma valvu kwa nguvu. Iliingia. Tukatia ndoo moja ya maji, na tone likaanza kuchuruzika upande wa juu: sili ilikuwa imejikunja tulipoisukuma. Tukafungua tena. Mara ya pili tulipaka sili grisi ya silikoni, tukazivalisha kwenye midomo ya mabomba kwanza, jirani akayaachanisha mabomba kwa kabari ya mbao, mume wangu akateremsha valvu kutoka juu bila kuigusisha ukingo wa sili, nami nikapitisha kidole kuzunguka kote kuhakikisha hakuna mkunjo. Kisha bolti, kwa msalaba, kila moja kidogo kidogo. Ndoo nne za maji, karatasi kavu ya jikoni imefungwa chini yake saa nzima. Kavu.

Jirani alikataa pesa. Alikubali sufuria ya pilau.

Kinga tuliyoweka baada ya hapo: waya wa joto wenye kipimajoto chake, unaozungushwa kwenye bomba na valvu, dola 48. Mbao za povu kuzunguka chini ya karavani yote, dola 160. Na mpira wa majitaka hauachwi umeunganishwa usiku wa baridi. Unamwaga, unasuuza, unaukunja, unauweka kwenye ndoo. Maji yaliyolala kwenye kona ya mpira yakiganda, siku ya kumwaga hapapiti kitu.

11 Februari 2024. Harufu inayokuja na kwenda

Bakuli linashika maji, valvu haivuji, bado siku nyingine bafu linanuka kwa dakika mbili tatu baada ya kukanyaga pedali. Niliandika kwenye daftari siku zenye harufu, kama tunavyoandika homa ya mgonjwa. Baada ya siku tisa jibu lilionekana: ni pale feni ya dari ya bafu inapokuwa inazunguka. Feni inavuta hewa kutoka popote inapoipata, na kisahani kikifunguka, hewa ya karibu kuliko zote ni ya tangi. Sasa feni inazimwa kabla ya kukanyaga, inawashwa baadaye. Gharama: sifuri.

Siku zilizobaki zilikuwa ni bomba la hewa. Nilipanda paani na kufungua kofia yake. Kwenye mdomo wa bomba, ambalo lina upana wa inchi moja na nusu tu, nyigu wa udongo walijenga nyumba yao, imebaki nafasi ya kidole. Ule ujenzi ni wa zamani, pengine kabla yetu. Niliuvunja kwa bisibisi nikiudaka kwa kitambaa nisiudondoshee ndani, nikapitisha maji ya mpira, nikaweka wavu wa matundu makubwa chini ya kofia. Wavu wa matundu madogo unajaa vumbi, na Amarillo upepo haulali. Wavu dola 6.

Nilipaswa kulichunguza bomba hili siku ya kwanza. Tangi lisilopumua juu litapumulia ndani ya nyumba, na pia linamwaga kwa kusitasita. Tangu nilizibue, tangi linatoka kwa dakika moja na nusu, awali lilichukua karibu tatu.

3 Machi 2024. Taa za kipimo

Hapa nimeshindwa.

Sensa ni misumari midogo iliyopenyezwa ubavuni mwa tangi, kimo baada ya kimo. Maji yakiifikia, umeme mdogo unapita na taa inawaka. Karatasi ikinata juu ya msumari na kubaki na unyevu, umeme unapita vilevile, na tangi tupu linasema limejaa theluthi mbili. Nimejaribu sabuni ya vyombo na maji moto ya bomba (si ya kuchemka) kwa saa 24. Nimejaribu kikombe cha dawa ya kulainisha maji pamoja na sabuni, siku mbili. Nimejaribu fimbo ya kunyunyizia ikielekezwa upande ule. Theluthi mbili.

Kuna vipimo vya kubandika nje ya tangi, ila letu limefunikwa na bati la chini na sitaki kulikata. Tunahesabu siku: watu wawili, tangi linafika theluthi mbili siku ya tano. Siku ya nne namulika tochi kwenye bakuli.

6 Aprili 2024. Kuhama

Mkataba umeisha jana, unaofuata uko Tulsa, Oklahoma, kama maili 360 kwa barabara ya I-40 kisha I-44. Nimetumia safari kuoshea tangi: tulimwaga Amarillo, tukatia ndoo mbili za maji, kikombe cha dawa ya kulainisha maji na sabuni kidogo, tukaondoka. Maji yakitikisika yanasugua kweli kweli, kazi iliyoshinda barafu. Tulimwaga kwenye kituo njiani, dola 15. Vilitoka vipande vya karatasi vya kijivu, vigumu, ambavyo hakika si vyetu.

Tulipofika kambini Tulsa niliwasha kipimo. Kwa mara ya kwanza tangu tununue, taa ilionyesha tupu. Jioni ikarudi theluthi mbili. Nimeacha maji na sabuni ndani, na safari ijayo nitarudia.

Hesabu ya miezi sita, choo na tangi tu: vifaa vya kumwagia dola 83, ukitoa mpira uliopasuka, sili mbili na grisi 42, fimbo 23, lakiri 14, dawa ya waridi 5, valvu 29, kinga ya baridi 208, wavu 6, kituo cha njiani 15. Dola 425. Zilizopotea bure: mpira wa kwanza 19, barafu 7, vimeng'enya 19. Dola 45. Fundi wa kuja na gari lake alitaka dola 180 kuja kutazama tu, kabla ya kugusa kitu.

Leo: valvu imefungwa, ndoo mbili zimeingia, kopo liko mahali pake. Siku ya kwanza ya hesabu.